Chebeya na Bazana

Kila mwezi wa Juni Wakongo wengi hulikumbuka jina la Floribert Chebeya. Aliongoza La Voix des Sans-Voix, yaani Sauti ya Wasio na Sauti, shirika la kutetea haki za binadamu lililoanzishwa mwaka 1983, Mobutu akiwa bado madarakani. Tarehe 1 Juni 2010 aliitwa makao makuu ya polisi mjini Kinshasa, akaenda. Kesho yake mwili wake ulikutwa katika kiti cha nyuma cha gari lake. Alizikwa tarehe 26 Juni, siku nne kabla ya sherehe za miaka 50 ya uhuru wetu.

Mimi natokea Bukavu. Baba yangu ni dereva (nyumbani tunasema shofere, neno dereva nimelipata darasani), na labda ndiyo sababu ninaposoma habari hizi macho yangu hukimbilia jina la pili. Gari siku ile liliendeshwa na Fidèle Bazana. Wengi humwita dereva wa Chebeya, wakaishia hapo. Kumbe naye alikuwa mwanachama wa shirika lilelile. Chebeya alikuwa ameshatishwa na kukamatwa mara nyingi, na Bazana alijua anampeleka wapi. Anayekubali safari kama hiyo hakuajiriwa kwa ajili ya usukani tu. Baba husema nusu ya kazi yake ni kuendesha na nusu ni kusubiri. Bazana hakurudi nyumbani.

Mwaka 2011 mahakama ya kijeshi iliwahukumu maofisa kadhaa wa polisi, na mwaka 2015 rufaa ikapunguza adhabu. Mei 2022 afisa mwingine, Christian Ngoy Kenga Kenga, alihukumiwa kifo. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita, na familia ya Bazana bado ilikuwa ikidai mwili wa kuzika. Chebeya ana kaburi ambalo watu huliwekea maua. Mwenzake hana.

Mwaka huu sisi wanafunzi Wakongo hapa chuoni tuliandaa kumbukumbu ndogo. Bango lilipokuwa tayari, nilisema jina moja limesahaulika.

"Lakini huyo alikuwa dereva tu, dada," mmoja akanijibu. "Na nafasi imekwisha."

Nikamweleza niliyoyaeleza hapa. Alinyamaza kidogo, kisha akatoa pesa mfukoni, tukaenda kununua karatasi kubwa zaidi.