Kalafati Hupigwa Kabla ya Safari: Ziara ya Kisiwa cha Pate

Msafiri atokaye Amu kwenda kisiwa cha Pate huuliza maji kwanza, kisha ndipo aulize nauli. Mkondo wa Mkanda, upitao baina ya Manda na bara, huwa haba maji yakitoka, na chombo kilichochelewa hungoja kati ya mikoko hadi maji yajae. Sisi, alhamdulillahi, tuliwahi. Tukashuka Mtangawanda, na kutoka hapo pikipiki zikatupitisha Siyu yenye ngome ya kale, kisha Faza, na mwisho Kizingitini.

Faza na Kizingitini ni miji ya Wabajuni, ndugu zetu katika dini, walio wachache katika hesabu ya taifa. Miaka ya 1960, wakati wa vita vya shifta, wengi wao walihama vijiji vyao vya bara. Vijana wa siku zile ndio wazee wa leo, na wapo ambao hadi sasa karatasi zao hazijatengenea. Asiye na kitambulisho hupata uzito kujiandikisha katika bima ya afya ya SHA.

Baada ya Alasiri tulikaa barazani na wazee, na akina mama wa msafara wetu wakaingia ndani kwa mabibi. Tuliuliza: mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini? Jibu la nje na la ndani lilikuwa moja: “Siumwi. Hospitali nitafuata nini?”

Jibu hili lina sababu zake. Hospitali ipo Faza, lakini kwa mwenye magoti mabovu pikipiki ni adhabu, na rufaa ya Amu ni safari ya bahari. Bibi huona haya kufunuliwa na tabibu mwanamume. Mzee aliyezoea Kibajuni husemeshwa upesi kwa lugha ya ofisini, akarudi na vidonge asivyojua ni vya nini.

Ufuoni Kizingitini tulikuta jahazi limepandishwa mchangani, fundi akishindilia pamba baina ya mbao. Tukamwuliza kama linavuja. Akacheka: “Likishavuja baharini, sheikh, siitwi mimi, huitwa waogeleaji.” Mzee mmoja tuliyefuatana naye alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza: “Kipimo chenyewe huchukua muda gani?”

Huchukua dakika chache. Shinikizo la damu ni kama mdudu alaye mbao chini ya maji; mwenye chombo hasikii kitu. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, kikarudiwa siku nyingine kikawa vile vile, mtu na aonane na daktari ijapokuwa hana maumivu. Asiyepimwa huenda akajua siku ya kiharusi. Kisukari nacho hudhuru macho na miguu kimyakimya.

Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii nchini wamepewa mikoba yenye vipimo vya shinikizo na sukari, nao hupita majumbani. Basi enyi wana na wajukuu, msingoje bibi aseme anaumwa. Mtafuteni mhamasishaji wa mtaa wenu. Ombeni mhudumu mwanamke ikiwa ndiyo sitara yake. Mfasirieni kwa lugha yake, na fuatilieni kitambulisho chake. Anayemeza dawa za kila siku asiziache Ramadhani kwa rai yake mwenyewe. Amwone daktari kabla mwezi haujaandama, waangalie kama funga itamfaa na vipi dawa zipangwe baina ya futari na daku.

Kujikinga hakupunguzi tawakali. Mtume wetu (s.a.w.) alimfunza mtu kumfunga ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Na Qur'ani imetaja wema kwa wazazi baada ya kumpwekesha Mwenyezi Mungu. Wema huo tuwafanyie wangali wakitembea kwa miguu yao wenyewe.

Mola awahifadhi wazee wetu wa visiwani na wa bara. Amin.