Duara la Penseli

Mwaka 2003 niliandika programu yangu ya kwanza ya mikopo, ya chama cha akiba na mikopo cha walimu. Kompyuta ilikuwa moja, umeme wa mgawo, na kazi yote niliibeba kwenye disketi mbili ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuogopa vumbi. Faili zilikuwa na majina kama mpya, mpya2, yamwisho. Niliamini ugumu wa kazi uko hapo: mashine nzito, na semikoloni moja ikisahaulika, usiku mzima umekwenda.

Mwezi wa pili programu ikiwa kazini, akaja mwalimu mmoja mtu mzima, karatasi ya mshahara mkononi. Amekatwa kama mdhamini wa mwenzake aliyeshindwa kulipa.

"Mwanangu, huyu hajashindwa. Amefiwa."

Mweka hazina akafungua kauntabuku la zamani. Pembeni ya jina la yule mwenzake palikuwa na duara dogo la penseli. Maduara kama hayo nilikuwa nimeyaona wiki nzima nikinakili daftari lile, nikadhani ni alama za kuhesabia tu. Kumbe maana yake mwanachama yuko msibani: asidaiwe mwezi huu, na wadhamini wake wasiguswe. Katika masharti ya chama jambo hilo halikuandikwa popote. Wote walilijua isipokuwa mimi. Yule mwalimu nilimwomba radhi, na hadi leo uso wake naukumbuka.

Miaka baadaye nikasoma makala ya Fred Brooks ya mwaka 1986, yule aliyesimamia mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM. Anatenga ugumu wa namna mbili: unaoletwa na zana zetu, na uliomo ndani ya jambo lenyewe. Huu wa pili, anasema, hauna dawa moja ya kuumaliza. Nikaliona tena lile duara.

Ule wa zana umepungua kweli. Git, programu ya kutunza kila toleo la faili, iliyoanza mwaka 2005, ilizika disketi zangu. Leo mstari nilioubadili mwaka juzi naurudia kwa dakika moja. Nawafurahia vijana walioanza na neema hiyo. Mimi nimebadilika kwingine: zamani nilifika na kuanza kuandika, sasa wiki ya kwanza nakaa nyuma ya kaunta nikiangalia mikono ya watu.

Mwezi uliopita, kwenye ghala la korosho, karani alikunja kona ya risiti kabla ya kuiweka kwenye faili.

"Dada, hiyo kona umeikunja kwa nini?"

"Hii? Hii hadithi ndefu, kaka," akasema, akanivutia kiti.