Staa Kaposti "i7 Baba Lao", Dogo Kalizwa Laki Saba: Ukitaka Gemu za PS2 Kwenye Kompyuta, Anzia Hapa

Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, ana wafuasi wengi kuliko watu wote wa mtaa wenu. Kuna siku kaposti laptopu, kaikumbatia kama mtoto mchanga, akaandika kwamba hiyo ndiyo mashine ya gemu zote, "i7 baba lao", duka mtalipata kwenye linki. Sina ugomvi na staa. Kalipwa, kaposti, kaendelea na maisha. Ila mdogo wangu wa mwisho aliiona ile posti, akaifuata linki, akaacha laki saba dukani.

Ili muelewe laki saba hiyo ilikuwa nini: dogo ana banda la gemu Mbagala. TV mbili, PS2 mbili, benchi, basi. Msicheke. PS2 ilitoka mwaka 2000 na mpaka leo watoto wakitoka shule wanapanga foleni, San Andreas na mpira ndivyo vinavyolipa kodi ya fremu. Shida ni lensi. Mashine zimezeeka, sidii inazunguka weee haisomi, na kila ukimwona fundi ni hela. Dogo akaona bora ahamie kwenye kompyuta atumie emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye PS2. Wazo zuri kabisa. Zamu yake ya kijumbe ilipofika, hela yote ikaenda kwenye ile laptopu.

Usiku akanipigia. "Dada, nimepigwa." Nyuma yake nasikia San Andreas, sauti inavutika kama redio kaseti iliyoisha betri. Picha inatembea, inasimama, inawaza, inatembea tena. Dukani walishamwambia mali ikitoka hairudi.

Nikamwambia achana na stika, nisomee namba ya prosesa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia palipoandikwa CPU, jina lote liko pale. Akasoma: i7-720QM. Hapo nikakaa kimya kidogo. Ni i7 kweli, staa hakudanganya. Ila ni i7 ya mwaka 2009. Spidi yake ya kawaida ni GHz 1.6, na inapanda mpaka 2.8 pale tu ambapo kori moja ndiyo inafanya kazi na mashine haijachemka.

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa, kwa hiyo nikae hapa kidogo. Mmewahi kwenda mkutano wa injili, mhubiri kaja kutoka nje na pembeni yake kuna mkalimani? Emuleta ni yule mkalimani. Kila amri ambayo gemu inaitoa kwa lugha ya PS2, kompyuta yako inaigeuza kwa lugha yake papo hapo, bila kumkatisha mhubiri. Mkalimani akiwa mzito, hata ukipandisha wengine saba jukwaani haisaidii, maiki ni moja. PCSX2, ambayo ndiyo emuleta ya PS2 inayoeleweka zaidi, kazi kubwa inaitupia kori chache tu. Kwa hiyo "kori nne, nyuzi nane" ni maneno matamu tu kama kila kori ni mvivu. Unachotafuta ni nguvu ya kori moja.

Wala huhitaji kubahatisha. Ingia mtandao wa PassMark, andika jina la prosesa, soma alama ya uzi mmoja, usisome ile alama kubwa ya jumla. Mimi chini ya 1500 siigusi kwa PS2, na ikikaribia 2000 au kuzidi naanza kutabasamu. Kwenye i3, i5 na i7 za Intel, namba za mwanzo zinakwambia kizazi: 4570 ni kizazi cha nne, 8250U cha nane. Herufi ya mwisho nayo inaongea. U maana yake prosesa ya kubana umeme. Kwenye i5 za zamani hiyo U ni kori mbili tu, ila kuanzia kizazi cha nane zikawa nne na nguvu ikapanda. Kwa hiyo i5-8250U inaiacha mbali ile i7 ya dogo, japo stika inasema tano.

Tulichofanya: laptopu tukamuuzia jamaa wa steshenari kwa laki nne, na tulimwambia wazi kwamba ni ya kuchapa barua, gemu asahau. Laki tatu imekwenda na maji, na kodi ya mwezi ule ikabidi nimshike mkono. Kisha tukaingia Kariakoo kutafuta desktopu za mtumba zilizotoka maofisini. Zile hazina sura, hazina taa za rangi, hakuna staa atakayeziposti. Tukachukua Dell OptiPlex 9020 ndogo yenye i5-4570: kori nne, GHz 3.2 ikipanda mpaka 3.6. Laki tatu na nusu.

Kabla ya kulipa tuliijaribu palepale. PCSX2 na gemu vilikuwa kwenye flashi, tukacheza dakika ishirini muuzaji akitushangaa. Dakika mbili hazitoshi, maana mashine yenye vumbi ikishachemka inajipunguza spidi yenyewe. Muuzaji akikataa usijaribu, ondoka. Na mjue OptiPlex hiyo haina tundu la HDMI, ina DisplayPort na VGA. Kama unachomeka kwenye TV, nunua adapta siku hiyo hiyo, nauli ya kurudi Kariakoo inauma.

RAM ilikuwa kijiti kimoja cha GB 8, tukabadilisha kuwa viwili vya GB 4. Jumla ni ile ile, ila kompyuta isiyo na kadi ya grafiki inaazima RAM kuchora picha, na vijiti viwili vinapitisha data kwa upana zaidi. Kadi ya grafiki hatukununua. Ukiitaka kwa kimashine kidogo kama hicho, tafuta fupi isiyodai waya wa umeme. Na kwa GT 1030 chukua ya GDDR5, maana kuna ya DDR4 yenye jina hilo hilo na ni nzito.

Setingi sasa. Dogo alishafuata video fulani, kaishusha spidi ya EE na kupandisha ile ya kuruka mizunguko. Zirudishe zilivyokuwa. Zinafanya namba isome asilimia 100 huku gemu inarukaruka, unajidanganya mwenyewe. Resolusheni anza na ile ya asili ya PS2. Kama inakwama, ukiishusha ikawa nyepesi, tatizo ni grafiki. Ukiishusha isibadilike kitu, ni prosesa, hakuna setingi itakayokuokoa. Kila mtu anasema weka Vulkan, lakini grafiki ya ndani ya i5-4570 haina Vulkan kwenye Windows, sisi tuliweka Direct3D 11 na San Andreas ikatulia. Kwenye umeme wa Windows chagua utendaji wa juu. Na ukiona gemu ya PAL inasoma picha 50 kwa sekunde, usipaniki, hiyo ndiyo spidi yake. Angalia asilimia.

Diski za PS2 nyingi ni DVD za kawaida, kompyuta yenye tundu la DVD inazisoma, kwa hiyo gemu zake mwenyewe alizigeuza faili akiwa amekaa bandani. BIOS akaitoa kwenye moja ya PS2 zake, zile zile zenye lensi mbovu, maana BIOS haihitaji lensi nzima kuwemo mle ndani.

Banda sasa lina PS2 moja na desktopu moja. Anawinda ya pili, safari hii anatembea na flashi mfukoni.

Kwenye komenti msiniandikie "dada nina i5 itacheza?" Niandikieni namba yote mpaka herufi ya mwisho, RAM vijiti vingapi, na gemu gani. Nitajibu usiku. Atakayemtaja staa nafuta.