Gurudumu la upande wa mama watoto

Jamani, leo naomba niseme ukweli. Mama watoto akisoma hapa atajua nimetubu mara ya pili, tena hadharani.

Mimi ni mtu wa makamo, baba wa watoto watatu, na hapa Kigoma naendesha Toyota Celica ya milango miwili. Chekeni tu, wengi wameshacheka. Pale Mwanga vijana wa bodaboda wanaiita chura, kwa sababu ya zile taa nne za mviringo. Lakini sisi tuliokua tukisikiliza Safari Rally redioni tuna ugonjwa wetu. Juha Kankkunen alishinda na Celica mwaka 1985, akarudia 1993, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan naye akashinda na Celica. Mtu akishalishwa hayo, utamridhishaje na Noah?

Basi bwana, masika ya mwaka 2023 tunatoka Ujiji kumwona shangazi. Jioni, mvua imetoka kunyesha, barabara imejaa maji. Shimo sikuliona. Kishindo! Mfuko wa dagaa aliokuwa ameupakata mama watoto ukarukia dashibodi, usukani ukaanza kuvutia kushoto. Tulifika nyumbani tunatambaa upande kama kaa.

Kesho yake fundi akatoa tairi la mbele kushoto, akaniita nione. Kile chuma kinachobeba gurudumu la mbele na kuligeuza unapokata usukani kilikuwa na ufa. Wazungu wanakiita kifundo, kama vile vifundo vya vidole ukikunja ngumi. Ndipo vinapokutana shokapu, mkono wa chini, fimbo ya usukani, beringi na breki. Kikikatika, gurudumu linakwenda zake na wewe unakwenda zako.

"Kipya ni bei, bosi," fundi akasema. "Lakini tunaweza kuchomelea."

Ada za shule zilikuwa mlangoni. Nikasema choma. Kikachomelewa, kikapakwa rangi nyeusi, kikang'aa. Jioni mama watoto akauliza, "Baba watoto, wamebadilisha?" Nikajibu bila kupepesa macho, "Kipya kabisa."

Wiki tatu alipanda upande ule ule. Sokoni, kazini, siku moja kliniki na mtoto wa mdogo wake mapajani. Mimi kila tukipita kwenye shimo moyo unapiga ngoma, natabasamu kama mjinga.

Mwisho nikashindwa. Nikaipeleka gari Ujiji kwa mzee mmoja aliyezeekea kwenye ufundi wa meli. Shikamoo, marahaba, akalala chini ya gari na tochi. Akagonga kile chuma kwa nyundo ndogo, akapitisha ukucha pembeni ya weldi. Kulikuwa na ufa mwingine, mwembamba kama unywele.

"Mwanangu," akasema, "hiki ni chuma cha kusubu. Ukikichoma hovyo, pembeni ya weldi kinakuwa kama kigae. Hakipindi, kinavunjika." Akafuta mikono. "Upande huu anakaa nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Gari nikaiacha pale pale, nikarudi Kigoma na bajaji, nikamweleza mama watoto kila kitu. Nilitegemea kelele. Alisema neno moja tu: "Kumbe ulikuwa unajua." Akaenda kulala chumba cha watoto. Asubuhi nikakuta mezani bahasha ya hela za mchezo wake. Hizo alikuwa ameziwekea nia ya friji.

Nikapiga simu kwa wauza spea za mtumba Gerezani, Dar. Kifundo kikaja kwa basi, na hakikuingia! Kumbe Celica za umbo hili zilitoka na mifumo miwili ya shokapu za mbele, wa kawaida na ule wa mbwembwe ambao Toyota iliuita Super Strut. Yangu ina mbwembwe, kama mwenyewe. Kikarudishwa, nikatuma picha kumi za cha kwangu, tukangoja tena.

Mzee akanicheka. Akanikumbusha kuwa Liemba yenyewe iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande kuja kuungwa hapa hapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nzito. Ilipoibuliwa mwaka 1924 ilitengenezeka, na 1927 ikarudi kazini. "Wale walijua kusubiri," akasema, "na walijua grisi."

Kifundo sahihi kilipofika, kazi ilichukua siku nzima. Nati kubwa ya katikati ililegezwa gari ikiwa bado chini, ikapandishwa jeki, na breki ikaning'inizwa kwa waya ili mpira wake usibebe uzito. Fimbo ya usukani iligoma mpaka mzee akagonga pembeni ya tundu lake, siyo kwenye nati kama nilivyotaka mimi. Beringi haikupigwa nyundo, ilisukumwa kwa mashine ya kugandamiza. Magurudumu tukayanyoosha kwa uzi.

Saa kumi na moja mama watoto akatokea, sikumwita. Akamwamkia mzee, akaomba aone chuma cha zamani. Akakishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ule ufa, akakitia kwenye kikapu chake. Mpaka leo kinazuia mlango wetu wa jikoni usijifunge na upepo wa ziwani. Nakipita kila nikienda kunywa maji.

Siku ile hakukaa mbele. Alijikunja kwenye kile kiti cha nyuma ambacho hata mtoto analalamika, nyuma yangu, upande wa kulia. Hivyo hivyo miezi miwili. Watu wakauliza kama nimemwajiri dereva au yeye kaniajiri mimi.

Halafu Jumapili moja, tunakwenda kwa shangazi, akafungua mlango wa kushoto. Kwanza akainama, akachungulia ndani ya tairi. Ndipo akakaa, akafunga mkanda.

"Twende," akasema. "Polepole."