Gurudumu la Mbele Likiinuka

Pikipiki ina magurudumu mawili, na yote mawili yaliundwa kusudi yakanyage chini. La nyuma linasukuma, la mbele linaonyesha njia. La mbele likiinuka, pikipiki ingali na nguvu, lakini haina macho tena. Basi, kwa nini tunaliona likiinuka mara nyingi katika miji yetu? Pengine linainuka kwa kusudi la mwendeshaji, pengine linainuka bila yeye kutaka. Leo tunapenda kusema juu ya mambo hayo mawili, maana watu wengi huyachanganya, na kuyachanganya kumekwisha kuleta machozi.

Wazee wetu waliita pikipiki «tukutuku» kwa sababu ya sauti yake. Zamani ilikuwa chombo cha watu wachache: padri, daktari, mkubwa wa serikali. Siku hizi, Bukavu, Goma, Butembo na Uvira, kila njia-panda ina wamotari wake. Vijana wengi waliokosa kazi nyingine wanapata chakula kwa kazi hiyo. Wao ndio wanaompeleka mgonjwa hospitali, mama sokoni, mtoto shuleni. Hatuandiki kusudi tuwatukane. Tunaishi pamoja nao, tunapanda nyuma yao, na wengine ni watoto wetu wenyewe.

Kwanza tuangalie jinsi gurudumu linavyoinuka. Nani hakuona watoto wakilaza ubao juu ya gogo, mmoja akakaa huku, mwingine kule? Aliye mzito anashuka, aliye mwepesi anapanda. Pikipiki ni ubao wa namna hiyo, na gogo lake ni mahali ambapo gurudumu la nyuma linakanyaga. Uzito wote ulio mbele ya mahali hapo unashika gurudumu la mbele chini. Uzito wote ulio nyuma yake unaliinua.

Tufanye hesabu kidogo kama shuleni. Tuseme pikipiki ndogo ya moteri ya 125 ina kilo 110, na mwendeshaji ana kilo 60. Toka gurudumu hata gurudumu ni karibu mita 1 na robo. Mtu huyo akiwa peke yake mahali tambarare, gurudumu la mbele linachukua karibu kilo 76. Ni uzito wa kutosha. Sasa tumfungie mzigo wa kilo 100, sentimita 30 nyuma ya mhimili wa gurudumu la nyuma. Gurudumu la mbele linabaki na kilo 52. Mbona mzigo umeongezeka, na gurudumu la mbele limekuwa jepesi? Ndiyo kazi ya ubao na gogo. Asiyesadiki aazime mizani ya sokoni, aweke gurudumu la mbele juu yake, kisha afunge mfuko nyuma: ataona mwenyewe.

Bado hatujafika mlimani. Na Bukavu, nani aweza kwenda mbali bila kupanda mlima? Pikipiki ile ile, na mzigo ule ule, ikiwa katika njia inayopanda mita 1 kila mita 5, uzito wote unaegemea nyuma. Gurudumu la mbele linabaki na kilo 19 hivi. Ni uzito wa mtoto wa miaka mitano! Hapo hahitajiki mtu mwenye kiburi kusudi gurudumu liinuke. Yatosha mwendeshaji aachilie kwa ghafula kile kishikio cha mkono wa kushoto kinachounga moteri na gurudumu. Pikipiki inaruka kama farasi aliyechomwa na nyuki.

Tena kuna jambo moja baya kupita hayo. Gurudumu likiinuka, mwili wa mwendeshaji unateleza nyuma, na mikono yake inajinyosha. Kwa hofu anashika kwa nguvu, na mkono wa kuume ukivutwa hivyo unazidi kufungua gazi. Yeye anajishika asianguke, kumbe anaiongezea pikipiki nguvu ya kumwangusha. Ndiyo sababu katika ajali hizo tunasikia moteri ikinguruma sana mwishoni. Watu huisikia sauti ile, wanasema: «Mnaona? Alikuwa akijionyesha!» Lakini sauti ile yaweza kuwa sauti ya hofu.

Sasa tuseme juu ya wale wanaoinua kwa kusudi. Mchezo huo haukuanza kwetu. Marekani alikuwako Doug Domokos, ambaye watu walimwita mfalme wa mchezo huo. Mwaka 1984, katika uwanja wa mashindano wa Talladega, alikwenda maili 145, maana yake kilometa 233, juu ya gurudumu la nyuma tu. Mwaka 1991, Mjapani Yasuyuki Kudo akampita: alikwenda kilometa 331 kule Tsukuba. Tazameni vema: watu hao walifanya hayo katika uwanja uliofungwa. Hapakuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, wala mwanafunzi anayevuka njia, wala mbuzi. Walijifunza miaka mingi, mguu wao ukiwa tayari juu ya freni ya nyuma, maana freni hiyo ndiyo inayolirudisha gurudumu chini.

Vijana wakaona, wakapenda, wakaleta mchezo barabarani. Ufaransa, kelele na vifo vya mchezo huo viliwachosha watu hata serikali ikaweka sheria ya tarehe 3 Agosti 2018: anayefanya michezo ya hatari na chombo cha moteri katika njia ya watu wote aweza kufungwa mwaka 1 na kulipa Euro 15.000, na chombo chake kunyang'anywa. Watengenezaji nao walitafuta dawa. Yamaha ilipotoa pikipiki yake R1 ya mwaka 2015, iliitia chombo kinachopima jinsi pikipiki inavyoinama, na gurudumu la mbele likianza kuinuka, chombo hicho kinapunguza nguvu ya moteri. Lakini pikipiki za namna hiyo ni za bei kubwa. Zile tunazopanda sisi hazina mlinzi ila mkono na akili ya mwendeshaji.

Mwaka uliopita, katika mlima mmoja wa Kadutu, jirani yetu mmoja, mama muuza unga, alipanda pikipiki ya kijana. Mama alikaa katikati, na mfuko wa unga ulifungwa nyuma yake. Walisimama kidogo mlimani kupisha motokari. Kijana alipoondoka tena, pikipiki ilisimama wima. Mama alianguka kwa mgongo, mfuko chini yake na kijana juu yake. Mkono wake ulivunjika mahali pawili.

Punde si punde watu walijaa. Wengine walimwinua mama. Lakini wengine walimshika kijana, wakamrarua shati, wakapiga kelele: «Ni wale wale wanaochezea pikipiki! Siku ya mazishi hatukuwaona? Ichomwe!» Kijana hakusema ila neno moja: «Imeinuka yenyewe, baba, imeinuka yenyewe.» Nani angemsadiki? Mmoja alikwisha kuleta kibiriti.

Sisi tulikuwa karibu, na pamoja nasi alikuwako mzee mmoja aliyefanya kazi ya kutengeneza pikipiki miaka mingi. Mzee alisema: «Wanangu, kabla hamjachoma, tazameni mfuko ulifungwa wapi. Kisha tazameni mlima.» Tuliwaonyesha kwa mkono: mfuko wote ulikuwa umetokeza nyuma ya gurudumu. Mzee aliwauliza tena: «Mtu anayetaka kuchezea pikipiki atachagua mahali hapa, na mama nyuma yake?» Watu walinyamaza. Mwenye kibiriti alikirudisha mfukoni. Kijana mwenyewe alisaidia kumchukua mama hata hospitali.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwenye pikipiki aliichukua pikipiki yake, na kijana alikosa kazi. Mama alikaa miezi mitatu bila kuuza, na hata leo hawezi kuinua beseni kwa mkono ule. Hapakuwa na mchezo siku ile, wala kiburi, lakini nyumba mbili zilipata njaa. Ndiyo maana tunasema: kutofautisha ajali na makusudi ni jambo la haki. Na kisha kutofautisha, kuna neno jingine la kuuliza: ajali ile haikuweza kuzuiwa?

Basi, tutatambuaje? Dalili ziko. Pikipiki ndogo yenye mtu mmoja, mahali tambarare, ni vigumu iinuke yenyewe, maana moteri yake haina nguvu ya kutosha. Ikiinuka hapo, mwendeshaji amevuta mikono na kuachilia nguvu kwa kusudi. Naye utamwona amejiandaa: amekaa nyuma, mguu uko kwenye freni, na macho yake yanatafuta watazamaji. Lakini ikiinuka mlimani, wakati wa kuondoka, na mzigo uko nyuma, usiharakishe kuhukumu. Tazama mikono iliyonyooka na miguu iliyotawanyika: huyo anakamatwa na pikipiki, si yeye anayeikamata.

Tena tusisahau namna ya tatu. Katika njia mbaya, kama zile za kwenda Shabunda, motari hodari huliinua gurudumu kidogo kusudi lipande juu ya gogo au livuke mfereji. Huyo hachezi, wala hapati ajali. Anafanya kazi yake, kama mpiga kasia anavyoinua mtumbwi juu ya wimbi. Ufundi wenyewe si ubaya. Ubaya ni kuufanya mbele ya soko, na maisha ya watu wengine mgongoni.

Wengine husema: ajali haina kinga. Ni methali ya kweli katika mambo mengi, lakini ajali hii ina kinga, na haiombi feza. Tazameni chukudu za Goma. Mti ule unachukua mzigo mkubwa sana, na gurudumu lake la mbele haliinuki. Kwa nini? Kwa sababu mzigo unalala katikati ya magurudumu mawili. Waliounda chukudu walijua siri ya ubao na gogo bila kuisoma kitabuni. Tuwaige basi.

Kwanza, mzigo mzito usitokeze nyuma. Ukaribie mgongo wa mwendeshaji, na ukiwa mkubwa kupita kiasi, uende safari ya pili.

Pili, abiria akae karibu na mwendeshaji, wala asiegemee nyuma pikipiki inapopanda. Mama, usione haya kushika. Na wewe motari, mwambie kwa heshima kabla ya mlima: «Mama, sogea mbele, shika nguvu.»

Tatu, pikipiki ikisimama katikati ya mlima mkali, abiria ashuke, apande kwa miguu hatua ishirini. Hatua ishirini ni afazali kuliko miezi mitatu ya kulala. Motari anayemwomba abiria ashuke asichekwe kwamba hajui kazi. Huyo ndiye anayeijua.

Nne, katika kuondoka, inama mbele, achilia kishikio cha kushoto polepole, fungua gazi kidogo. Na kama gurudumu limekwisha kuinuka, usivute mikono. Punguza gazi, gusa freni ya nyuma kwa mguu, shika usukani sawasawa kusudi gurudumu lishuke likitazama mbele. Likishuka limepinda, litakutupa kando.

Maneno hayo si mengi, na kijana yeyote aweza kuyajifunza kwa siku moja. Lakini sharti ayajifunze kabla, maana mlimani hakuna nafasi ya kufikiri. Wenye pikipiki nao wasikilize. Mnamkabizi kijana chombo asubuhi, mnamwuliza jioni: «Umeleta feza ngapi?» Je, mmemwuliza hata siku moja kama anajua kufunga mzigo? Anayedaiwa feza nyingi kila jioni hatakataa mfuko wa pili.

Na ninyi vijana mnaopenda kuinua gurudumu kwa furaha, tunajua kwamba hamtaacha kwa sababu ya gazeti. Basi tunawaomba jambo moja. Tafuteni kiwanja kisicho na watu, vaeni kofia ya chuma, msimpakie mtu. Tena fikirini juu ya mwenzenu wa Kadutu. Nani aliyewafundisha watu kwamba kila gurudumu linaloinuka ni mchezo? Ni ninyi. Kila mnapojionyesha mbele ya umati, mnawafundisha tena. Na siku ambayo pikipiki ya mwenzenu itainuka yenyewe mlimani, naye akisema kweli, hapatakuwako mzee wa kusimama kati yake na kibiriti.