Lugha ya Hukumu

Zipo nchi ambazo lugha mbili zimepewa kiti kimoja kwa sheria, na zipo nyingine ambazo lugha moja yapewa kiti na nyingine yapewa heshima. Kanada ilitunga sheria yake ya lugha rasmi mwaka 1969, Kifaransa kikawekwa sawa na Kiingereza katika shughuli za serikali kuu. Kameruni nayo, kwa Katiba yake ya mwaka 1996, yasema kwamba Kifaransa na Kiingereza zina hadhi sawa. Lakini mwaka 2016 mawakili wa mikoa inayotumia Kiingereza walitoka barabarani wakilalamika kwamba wanaletewa mahakimu wa Kifaransa na sheria zisizotafsiriwa. Mgogoro ule, ulioanza na mavazi meusi ya mawakili, ukageuka kuwa vita. Basi asidhani mwanafunzi anayesoma maneno haya kwamba swali la lugha ya mahakama ni swali la wanasarufi peke yao.

Sisi Watanzania tu nchi ya namna ya pili. Katiba yetu ya mwaka 1977 imeandikwa kwa Kiswahili, lakini mtu akiisoma toka mwanzo hadi mwisho hatakuta mahali inapotaja lugha ya taifa wala lugha rasmi. Wenzetu wa Kenya waliliandika jambo hilo waziwazi katika Katiba yao ya mwaka 2010. Kwetu, hadhi ya Kiswahili imejengwa kwa maagizo, kwa desturi na kwa sheria ndogondogo. Mwaka 1967 serikali iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge. Shule za msingi zikafundisha kwa Kiswahili. Kiingereza kikabakiwa na shule za sekondari, vyuo vikuu na mahakama za juu. Ni vyumba vitatu tu, lakini ndivyo vyumba vyenye funguo za nyumba nzima.

Kwa miaka mingi Mahakama ya Mwanzo ilisema Kiswahili na kuandika Kiswahili. Mtu alipopanda ngazi, mambo yalibadilika. Shahidi alisema kwa Kiswahili, hakimu alimwuliza kwa Kiswahili, wakili naye akajibu kwa Kiswahili. Lakini kalamu ya hakimu ilikuwa ikiandika Kiingereza. Yaani kila neno lililosemwa mbele ya watu lilivuka mto kabla halijafika kwenye karatasi, na hapakuwa na mtu wa kuangalia kama limevuka salama.

Twalijua jambo hili kwa sababu ya kazi yetu. Tumetumikia umma katika ofisi za Morogoro kwa muda mrefu, na elimu yetu ni ya kidato cha nne. Hata hivyo, kwa wazee wanaoshuka kutoka Uluguru, mtu yeyote mwenye meza na kalamu ni msomaji wa Kiingereza. Miaka kadhaa kabla ya sheria kubadilika, alitujia mzee mmoja wa upande wa Mgeta, ameshika hukumu iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akatuamkia kwa upole, akauliza: "Mwanangu, karatasi hii yasema nimeshinda au nimeshindwa?"

Alikuwa ameshindwa. Siku za kukata rufaa zilikuwa zimebaki chache, maana nyingine zilikwisha akitafuta msomaji. Tulipomsomea polepole, tukigeuza sentensi moja moja, akatuzuia katikati. "Mzee gani huyo wanayemtaja?" Tukarudi nyuma tukatazama. Kiingereza kilisema "uncle".

Hapa yafaa tumweleze msomaji asiyetoka kwetu. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ya lukolo, yaani ya ukoo, haishuki kutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe, bali hupita kwa mjomba na watoto wa dada zake. Katika Kiluguru na katika Kiswahili vilevile, mjomba ni mtu mmoja na baba mdogo ni mtu mwingine kabisa, wala hapana mtoto mdogo wa kuwachanganya. Kiingereza huwaita wote wawili kwa jina moja. Mzee yule alikuwa ameieleza mahakama kwamba shamba aliachiwa na mjomba wake. Katika ukurasa wa kwanza mjomba akawa "uncle". Katika ukurasa wa tatu yule "uncle" akahesabiwa kuwa ndugu wa baba. Na kwa hesabu hiyo madai yote ya lukolo yakaporomoka kama tuta la mlimani wakati wa masika. Hakimu hakuwa mwovu. Aliamini maandishi yake mwenyewe.

Tukamwandikia maelezo kwa Kiswahili ayapeleke kwa wakili. Hakurudi kutueleza kilichotokea, nasi hatukumfuatilia, kwani utumishi wa umma una mipaka yake.

Mwezi Februari mwaka 2021 Bunge lilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria, likasema kwamba lugha ya sheria na lugha ya mahakama itakuwa Kiswahili, isipokuwa pale ambapo haki yenyewe itahitaji Kiingereza. Siku chache kabla yake, katika Siku ya Sheria huko Dodoma, Rais Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili, akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Hatuna budi kuishangilia sheria hiyo. Wale waliosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kisheria walisahau kwamba mdai, mdaiwa, rufaa na wakili ni maneno ya kila siku sokoni, na kwamba orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili ilikwisha chapishwa Dar es Salaam mwaka 1968.

(Haki yatudai tuongeze kwamba kwa bibi kizee wa Nyandira Kiswahili nacho ni lugha ya kupanda ngazi. Kiluguru hakifundishwi shuleni, na mahakamani hutegemea huruma ya mkalimani. Hilo ni deni letu sisi wenyewe, si la Mwingereza.)

Lakini sheria imebadili chumba kimoja tu kati ya vile vitatu. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kifundishie hata sekondari na vyuoni, serikali haikukubali. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikafungua mlango huo, na toleo lake la mwaka 2023 likarudisha Kiingereza katika sekondari. Mzazi wa mjini Morogoro aonapo hayo hahitaji kuelezwa ni lugha ipi yenye cheo. Huuza mahindi yake alipe ada ya shule ya msingi ya Kiingereza, nasi hatumlaumu, kwani anasoma alama zilizoko barabarani.

Kila Januari watoto waliomaliza shule ya msingi kule Kinole, Matombo na Mgeta huingia kidato cha kwanza. Huwekewa mezani vitabu vya jiografia na biolojia kwa Kiingereza, na mwalimu, akiona macho yao, hufunga mlango na kuwaeleza tena kwa Kiswahili. Mtihani watauandika kwa Kiingereza. Mmoja wao huenda akasomea sheria, kwa Kiingereza vilevile, hata awe hakimu. Na siku hiyo atatakiwa kuandika, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba shamba la mlimani lilikuwa la mjomba.