Gari Kuukuu na Maswali ya Mzee

Gari kuukuu ni kama mgonjwa asiyejua kusema. Huonyesha maumivu yake kwa moshi, kwa mlio, kwa harufu na kwa joto. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila wingu lina mvua, na hapo ndipo wenye magari wengi wanapopotezea fedha zao.

Yatosha kutazama mambo yaliyompata mkulima mmoja wa upande wa Naivasha, mwenye pikapu ya Peugeot 504 ya petroli. Magari ya namna hiyo yalipata sifa kubwa nchini Kenya, kwani 504 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Pikapu ya mkulima huyu ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa watu watatu kabla ya kumfikia. Hata hivyo, ilimpelekea kabeji na vitunguu Nairobi mara mbili kwa juma, na karo ya watoto wake wawili ilitoka katika safari hizo.

Kisha gari likaanza kuchemsha. Kila lilipopanda ukingo wa Bonde la Ufa katika barabara ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliani, ambao kanisa lao dogo la mwaka 1942 lingali kando ya njia, mshale wa joto uliingia katika nyekundu na maji yakafoka kutoka katika rejeta. Mkulima alingoja saa nzima, akaongeza maji, akaendelea. Alipofika sokoni, wanunuzi wakubwa walikuwa wamekwisha kuondoka, naye akauza kabeji zake kwa hasara.

Washauri hawakukosekana. Dereva mmoja alimwambia aondoe thamostati aitupe. Akaiondoa, gari likaendelea kuchemsha mlimani, na asubuhi za baridi injini ikakawia kupata moto na kula petroli zaidi. Mwenye duka la spea akamwuzia pampu mpya ya maji, ijapokuwa ile ya zamani haikuvuja wala kupiga kelele. Fundi wa tatu alitikisa kichwa akasema kwamba gasketi ya hedi imeungua, na kwamba yafaa injini ifunguliwe yote. Kwa gharama aliyotajiwa, ilimbidi mkulima auze mtamba wake aliyekuwa karibu kuzaa.

Mkewe ndiye aliyemzuia. "Baba watoto," alisema, "mtamba huyo ndiye maziwa yetu ya mwaka ujao. Kabla hujamwuza, mwulize mtu asiyekuuzia kitu."

Basi akamwendea mzee mmoja jirani, aliyekuwa fundi wa malori kwa miaka mingi kabla ya kurudi shambani. Mzee hakugusa spana. Alianza kwa kuuliza.

"Bwana, gari huchemsha likiwa limesimama, injini ikinguruma?"

"La, mzee, halichemshi."

"Na katika tambarare?"

"Huenda vizuri kabisa. Ni mlimani tu, tena likiwa na mzigo."

"Gari likilala, maji hupungua?"

"Hayapungui."

Mzee akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyeusi kama kawaida, wala haikugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa kuwa injini ilikuwa baridi, akafungua rejeta, akaamuru gari liwashwe, akayatazama maji, hayakutoa mapovu. Injini ilipokwisha kupata moto, moshi wa nyuma haukuwa mweupe. "Gasketi ingalikuwa imeungua," alisema, "mmoja wa mashahidi hawa angalisema." Baada ya kuzima injini, akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba; haukulegea. Akachungulia matundu ya rejeta; hayakuzibwa na matope. Mwisho akageuza kifuniko cha rejeta alichokuwa amekiweka kando. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka.

Pwani, maji huchemka yafikapo digrii 100 za Celsius. Lakini kadiri mtu apandavyo juu, hewa huwa nyepesi, na penye mita 2,000 maji huchemka karibu digrii 93. Injini nzima yenye mzigo mlimani yaweza kufikia joto hilo bila ya kuwa na ugonjwa wowote. Kifuniko kizuri huzuia mvuke usitoke, na presha ya ndani huyafanya maji yakawie kuchemka: presha ya bar 1 huweza kukipandisha kiwango hicho kupita digrii 110. Kifuniko kikiharibika, rejeta huwa kama sufuria iliyoachwa wazi motoni.

Mkulima alinunua kifuniko chenye kipimo kile kile kwa fedha zisizofika bei ya gunia moja la vitunguu, akarudisha na thamostati. Gari likaupanda mlima na mzigo wake, na mtamba akazaa nyumbani.

Wale washauri wa kwanza si lazima wawe walaghai. Mkulima aliwauliza anunue nini, nao wakamjibu. Mzee alikuwa wa kwanza kutafuta ugonjwa kabla ya dawa. Yafaa mwenye gari afuate njia hiyo: ajue tatizo hutokea lini na wapi, aanze na kilicho rahisi kupimwa, tena abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili ajue ni kipi kilichoponya. Moshi wa buluu humwambia kwamba injini inaunguza oili; moshi mweusi, kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa; moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto, kwamba maji yanaingia katika silinda. Dalili hiyo ya mwisho ikionekana, asimamishe gari wala asijaribu kulifikisha sokoni, kwani hedi ikipinda gharama huzidi maradufu.

Na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto. Maji yale hurukia uso na macho, na hasara ya namna hiyo haina spea.